Karata Mbili Zilizofunikwa: Kutoka Meza ya Skat hadi Ramani ya Vita

Altenburg ni mji mdogo wa jimbo la Thuringia, mashariki mwa Ujerumani, na una mahakama ambayo haijawahi kumfunga mtu. Kazi yake ni kuamua mabishano ya mchezo wa karata uitwao Skat. Wachezaji walioshindwa kuelewana mezani, popote walipo duniani, huandika kisa chao hatua kwa hatua: nani aligawa, nani alinadi hadi namba gani, karata ipi ilitupwa kabla ya zamu yake, na waamuzi huwajibu kwa kutaja kifungu cha kanuni kinachohusika. Nilipoelezwa habari hizi kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi Leipzig, nilidhani ni utani wa watu wa baa. Sasa naamini kwamba anayetaka kuielewa michezo ya Kijerumani, kuanzia karata za wazee hadi michezo ya vita inayochezwa juu ya ramani, afadhali aanze na huyo mtu anayekaa pembeni ya meza, asiyeshika karata hata moja, lakini mwenye neno la mwisho.

Skat yenyewe ilizaliwa hapo hapo Altenburg katika miaka ya 1810, miongoni mwa waungwana waliokuwa wakikutana kucheza Tarok, mchezo mwingine wa karata. Kikundi hicho hakikuwa cha wavivu. Alikuwamo Friedrich Arnold Brockhaus, mchapishaji wa ensaiklopidia, na alikuwamo Bernhard August von Lindenau, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyekuja kuwa mwanasiasa mkubwa wa Saxony. Walichukua Schafkopf, mchezo wa kienyeji, wakauchanganya na mambo waliyoyapenda katika Tarok na katika L'Hombre ya Wahispania, na mchezo uliotokea ukasambazwa na wanafunzi na wanajeshi hadi kila kona ya nchi. Kufikia 1886 ulikuwa unachezwa kwa namna nyingi mno hata ikabidi uitishwe mkutano mkuu Altenburg ili kanuni ziwe moja. Chama cha taifa kikaundwa Halle mwaka 1899. Mwaka 1903 mji ukajengewa chemchemi yenye sanamu za maghulamu wanne wa karata wanaokamatana mieleka, ambapo hadi leo wachezaji huchovya karata mpya majini ili ziwe na bahati. Na mahakama ikafuata mwaka 1927.

Karata ni 32, kuanzia saba hadi ree. Wachezaji ni watatu, kila mmoja hupata kumi, na mbili zinazobaki hulazwa kifudifudi katikati ya meza. Hizo mbili ndizo ziitwazo Skat. Ree ina pointi 11, kumi ina 10, mfalme 4, malkia 3, ghulamu 2, na zilizobaki hazina kitu. Jumla ni 120, na anayecheza peke yake dhidi ya wenzake wawili anahitaji 61. Wazee wetu wa pwani, waliokuwa wakimwita mfalme mzungu wa nne, hawatapata taabu na hesabu hiyo. Kinachowashangaza wageni ni maghulamu, zile karata ambazo kwetu huandikwa J na kwa Wajerumani huandikwa B: ingawa thamani yake kwa pointi ni ndogo, wao ndio turufu kubwa kuliko zote, wakipangwa kwa utaratibu usiobadilika wa pau, shupaza, kopa na uru.

Kabla ya kucheza kuna mnada, na hapo ndipo Skat inapoachana na karata za kupitisha muda. Anayenadi hatangazi anataka kucheza nini. Hutaja namba tu: 18, 20, 22, 23, 24, 27, 30, na kuendelea, na mwenzake hujibu ndiyo au hupita. Namba hizo hazikutungwa ovyo. Kila aina ya turufu ina thamani ya msingi, uru 9, kopa 10, shupaza 11, pau 12, nayo huzidishwa kwa kuhesabu maghulamu mfululizo kutoka juu. Mwenye ghulamu wa pau na wa shupaza, bila wa kopa, husema yuko "na mbili", akaongeza moja kwa ajili ya mchezo wenyewe, akapata tatu. Turufu ikiwa kopa, ana haki ya kunadi hadi 30. Ajabu ni kwamba asiye na hao wawili, ila ana wa kopa, naye huhesabu vivyo hivyo: yuko "bila mbili", mchezo wa tatu, 30 ile ile. Umaskini wa mkono unalipwa sawa na utajiri wake, kwa sababu kanuni inapima ugumu au wepesi wa kazi kwa kipimo kimoja.

Kuna usiku mmoja, katika baa ya mtaani ambako meza ya kona huwa ya Skat kila wiki, niliona maana ya jambo hilo kwa karibu. Mzee mmoja mstaafu, mwenye kopa nyingi mkononi na wala hana maghulamu wawili wa juu, alinadi kwa utulivu hadi 30, na wenzake wakapita. Akaichukua Skat, akaifungua chini ya ukingo wa meza ili asionekane, na mimi niliyekuwa nimeketi nyuma ya bega lake nikaona ghulamu wa pau, karata kubwa kuliko zote. Nilitaka kumpongeza kwa macho. Yeye alivuta pumzi kama mtu aliyeletewa bili. Kwa kumpata ghulamu huyo hakuwa tena "bila mbili". Sasa alikuwa "na moja", mchezo wa mbili, yaani 20, na alikuwa ameshaahidi 30. Njia zilizobaki zilikuwa chache: kutangaza Grand, ambapo maghulamu peke yao ndio turufu na msingi ni 24, jambo ambalo mkono wake haukuliruhusu, au kucheza kopa na kukusanya pointi 90 badala ya 61, ili aongezewe kizidishi kimoja. Alicheza kopa. Alifika 84, ambazo katika mchezo wa kawaida zingekuwa ushindi wa wazi, na kijana aliyeshika kalamu akaandika 60 za hasara kwenye safu yake. Hakuna aliyemwonea huruma, na yeye hakuiomba. Alikuwa amenadi kwa kutegemea karata mbili asizoziona.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kwamba Skat ni mchezo wa bahati unaosaidiwa na kumbukumbu. Karata 32 zikigawanywa kwa utaratibu huo hutoa migao 2,753,294,408,504,640 tofauti, kwa hiyo hakuna anayekariri mikono. Mchezaji anajifunza kupima kiasi cha asichokijua, na kukiwekea bei kabla hakijafunuliwa. Mtunzi wa muziki Richard Strauss alikuwa mgonjwa wa mchezo huu, kiasi kwamba aliweka meza ya Skat jukwaani katika opera yake Intermezzo ya mwaka 1924. Ujerumani ilipogawanyika, Mashariki na Magharibi ziliendelea kucheza kila moja kwa mazoea yake, karata nyingi za Mashariki zikiwa na michoro ya Kijerumani ya njugu za mwaloni, majani, mioyo na kengele; na baada ya muungano wakakubaliana juu ya karata za mashindano zenye maumbo ya Kifaransa lakini rangi za Kijerumani, shupaza za kijani na uru za njano. Ni suluhu ambayo haikumpendeza mtu yeyote sana, na pengine kwa sababu hiyo imedumu.

Kusini, Bavaria, watu hawataki kusikia habari za Skat. Wao wana Schafkopf yao ya wachezaji wanne, ambapo mchezaji huita ree ya aina fulani na aliyeishika huwa mwenzake kimyakimya. Kaskazini na magharibi kuna Doppelkopf, yenye karata 48, kila karata ikiwa na pacha wake, na wenye malkia wa pau ndio washirika, ingawa hakuna anayesema mpaka mchezo wenyewe uwafichue. Unaweza kucheza raundi kadhaa huku ukimpa pointi adui yako kwa moyo mkunjufu.

Katika miaka hiyo hiyo ambayo waungwana wa Altenburg walikuwa wakizipanga karata zao upya, Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ilikuwa inajiuguza kutoka katika kipigo cha Napoleon cha 1806 pale Jena, mji usio mbali na Altenburg. Ofisa mmoja wa serikali, Georg Leopold von Reisswitz, alimtengenezea mfalme Friedrich Wilhelm III meza kubwa yenye vigae vya mandhari, vilima, mito na vijiji, vinavyoweza kupangwa upya kila mara, pamoja na vipande vinavyowakilisha vikosi. Meza hiyo ilifika kwa mfalme mwaka 1812. Ilikuwa na mtangulizi: mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig wa Brunswick alikuwa ameutanua mchezo wa sataranji ukawa vita vya miraba mingi ya rangi. Lakini Reisswitz aliiacha miraba, na mwanawe, luteni wa mizinga Georg Heinrich Rudolf Johann, akaiacha hata ile meza.

Kazi ya mwana, iliyochapishwa 1824, ndiyo msingi wa michezo yote ya vita tunayoijua. Alitumia ramani za kweli za kipimo cha 1:8,000 na vipande vyembamba vya metali, vyekundu na vya buluu, vilivyokatwa kwa ukubwa unaolingana na nafasi ambayo kikosi kinaikalia ardhini. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita, na kikosi hakikuweza kwenda mbali kuliko vile askari wa kweli wangeweza kutembea kwa dakika mbili katika ardhi ya namna hiyo. Hasara ziliamuliwa kwa dadu na majedwali, kwa kuwa luteni alikuwa na takwimu za majaribio ya silaha na alijua kwamba mzinga ule ule, kwa umbali ule ule, haupigi sawasawa mara mbili.

Hayo yote ni ufundi. Jambo kubwa lilikuwa mwamuzi. Makamanda wa pande mbili hawakusogeza vipande kwa mikono yao. Waliandika amri kwenye karatasi wakampa mwamuzi, naye ndiye aliyezitekeleza, akaweka juu ya ramani vile vikosi tu ambavyo adui angeweza kuviona. Kikosi kilicho nyuma ya kilima hakikuwapo mezani kabisa. Ripoti zilichelewa kadiri mjumbe wa farasi angechelewa. Kamanda aliyeamuru shambulio alingoja, na wakati akingoja hali aliyoiamria ilikuwa imeshabadilika. Mkuu wa majeshi, Karl von Müffling, inasimuliwa kwamba alikwenda kuutazama mchezo huo kwa ubaridi wa mtu aliyelazimishwa, na kabla ya kipindi kwisha akawa ametamka kwamba huu si mchezo hata kidogo bali ni shule ya vita, akaupendekeza kwa jeshi zima. Luteni mwenyewe hakufaidi. Wivu wa wenzake ulimwandama, akahamishiwa ngome ya mbali, na mwaka 1827 akajiua.

Katika jeshi la Prussia mchezo ulibaki, na baada ya ushindi dhidi ya Ufaransa mwaka 1871 majeshi mengine yakaanza kuuiga, yakiamini kwamba ndani yake kuna siri. Wakati huohuo Waprussia wenyewe walikuwa wakibishana kuhusu majedwali. Maofisa walilalamika kwamba mwamuzi anatumia muda mwingi kusoma namba kuliko kufikiri, na mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza dadu na majedwali viachwe: mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa busara yake. Mabishano hayo hayajaisha hadi leo popote michezo ya vita inapochezwa, na mimi niko upande wa majedwali. Busara ya jemadari mzee ni kitu kizuri mpaka pale inapokutana na vita ambavyo jemadari huyo hajawahi kuviona, na 1914 ilikuwa ya namna hiyo. Maofisa wa makao makuu walikuwa wamecheza uvamizi wa magharibi mara nyingi juu ya ramani, lakini ramani ilionyesha barabara, reli na mito. Haikuonyesha Uingereza ingefanya nini Ubelgiji ikivamiwa, kwa kuwa hapakuwa na mwamuzi aliyepewa kazi ya kuwaza kama bunge la London.

Wakati huo nyumba za kawaida zilikuwa na mchezo mwingine. Josef Friedrich Schmidt wa Munich alikuwa ametengeneza Mensch ärgere Dich nicht, binamu wa Ludo yetu, wenye kete zinazozunguka ubao na kurudishwa nyumbani zinapoliwa, na vita vilipoanza alituma nakala 3,000 kwenye hospitali za kijeshi. Askari waliopona wakaupeleka makwao. Sijui mchezo mwingine wowote ambao umeenezwa na majeruhi.

Baada ya 1945 hali ilibadilika, na maelezo yanayopendwa ni kwamba Wajerumani, kwa aibu ya vita, waliamua kutunga michezo isiyo na damu. Kuna ukweli ndani yake. Toleo la Kijerumani la Risk, mchezo wa kuteka nchi juu ya ramani ya dunia, lilifika mahali ambapo mchezaji haambiwi tena ateke nchi, anaambiwa azikomboe, jambo ambalo wachezaji wenyewe huliona kichekesho, kwa sababu majeshi yaleyale ya plastiki yanavuka mipaka ileile. Hata hivyo aibu peke yake haitengenezi viwanda. Nadhani sababu kubwa zaidi ni ya kimazingira: kulikuwa na familia zilizozoea kukaa mezani jioni, viwanda vya kuchapa vyenye ujuzi wa muda mrefu, na tangu 1979 tuzo ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka, inayotolewa na wakosoaji wa michezo wasiofungamana na viwanda. Wakosoaji hao walipenda kanuni zilizoandikwa vizuri na michezo inayokwisha kabla watoto hawajasinzia, isiyomtoa mtu mezani nusu saa kabla ya wengine. Watunzi nao walidai heshima yao. Mwaka 1988, kwenye maonyesho ya wanasesere na michezo ya Nuremberg, kundi la watunzi lilitia saini juu ya kipande cha kadibodi cha kuwekea glasi ya bia, wakiahidi kutompa mchapishaji yeyote mchezo bila jina la mtunzi kuandikwa kwenye boksi.

Matunda ya hayo yote dunia inayajua kwa jina la Catan, uliotungwa na Klaus Teuber, fundi wa meno ya bandia, na kushinda tuzo mwaka 1995. Kisiwa cha vipande 19 vya pembe sita, mbao, matofali, sufu, nafaka na mawe ya chuma, na mazungumzo ya biashara yasiyokoma. Hakuna anayeua mtu. Lakini anayesema kwamba hakuna vita humo hajawahi kufungiwa barabara na shemeji yake. Nauheshimu Catan kuliko ninavyoupenda. Karibu kila kitu kiko wazi mezani, na mimi nilikwisha kuharibiwa na zile karata mbili zilizofunikwa.

Michezo ya vita haikufa Ujerumani. Wanaoicheza huiita michezo ya kuigiza migogoro, jina la kiofisi linalowasaidia mbele ya majirani, na mingi hutoka Marekani, ambako ilianza kuuzwa madukani katika miaka ya 1950. Sheria ya Ujerumani inabana matumizi ya alama za Wanazi, kwa hiyo vipande vya jeshi la Hitler kwa kawaida hubeba msalaba wa kijeshi. Mabishano makali niliyoyasikia hayakuhusu alama. Yalihusu kile ambacho vipande haviwezi kubeba: mchezo wa upande wa mashariki wa Vita Kuu ya Pili unahesabu mafuta na risasi kwa uangalifu mkubwa, halafu unapita vijijini kana kwamba hapakuwa na watu.

Nami nina lalamiko langu la aina hiyo, na linahusu kwetu. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alipita katika chuo cha vita na makao makuu ya jeshi la Berlin, yaani katika shule ile ile ya ramani na vipande. Tanga, Novemba 1914, akiwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, aliwarudisha baharini wavamizi wapatao 8,000 wa jeshi la Waingereza kutoka India. Kwa mpenzi wa michezo ya vita hicho ni kisa kitamu: pande zisizolingana, mashamba yanayoficha vikosi, reli inayoleta wasaidizi usiku. Michezo ya mezani kuhusu kampeni hiyo ipo. Lakini kampeni iliendelea hadi Novemba 1918, na kwa sehemu kubwa ya muda huo iliyoamua mambo ilikuwa miguu ya wapagazi. Waingereza peke yao waliandikisha mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Kwenye ubao mpagazi, akiwapo, kwa kawaida ni alama ya ugavi inayosogezwa pamoja na batalioni.

Mchezo ningependa kuucheza ni wa Reisswitz kamili: vyumba viwili, ramani ya bonde la Rufiji, amri zilizoandikwa, na mwamuzi mwenye jedwali la wapagazi, kwa kuwa hili ni jambo ambalo busara ya mwamuzi ni rahisi kulisamehe na jedwali halilisamehi. Tuchukue kwa mfano kwamba mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Kamanda anaandika amri kwamba kikosi cha mbele, kilicho umbali wa mwendo wa siku 12, kipelekewe chakula, na wapagazi warudi kuchukua mzigo mwingine. Siku 12 za kwenda na 12 za kurudi ni kilo 24. Mwamuzi anakwenda chumba cha pili na kuweka mezani, kwa kila mtu aliyetembea siku 24 porini, kilo moja ya unga. Na kamanda akitaka zaidi, itabidi aandike, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba watu hao wasipewe chakula cha kurudia.